Nyumba Imejaa, Mizani Inasema Tupu

Usiku wa jana niliota. Lakini ndoto ni kama makande, haiivi isipolowekwa mchana, kwa hiyo nianze na kilicholowekwa.

Nina mjukuu anaitwa Namkunda. Mimi pia ni Namkunda. Kwetu Usangi mtoto wa kike hupewa jina la bibi yake, mama wa baba, na tangu alipopewa, mimi na yeye ni wajina. Namtania, ananitania. Akikosea nasema tumekosea, akifaulu nasema hilo lilijulikana. Wajina wangu anafanya kazi Same, kwenye ushirika wa wakulima wa tangawizi, na kazi yake ni kutunza tovuti. Tovuti, alivyonieleza, ni nyumba iliyo ndani ya simu. Ina vyumba vingi, na kila chumba huitwa ukurasa. Kuna ukurasa wa bei, ukurasa wa mvua, ukurasa wa magonjwa ya tangawizi. Na tangu masika kuna ukurasa wangu mimi. Alikuja nyumbani na simu yake, nikakaa jikoni nikatega vitendawili, akaichukua sauti yangu akaondoka nayo.

Jumatano jioni akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akanawa uso. Akasema kuna programu inayohesabu watu wanaoingia kila ukurasa, na ukurasa wangu unasoma sifuri. Si wachache. Sifuri. Meneja wao ametangaza kwamba ikifika Ijumaa, ukurasa usio na wageni utafutwa. Nikamwambia asihuzunike, sifuri nayo ni ya mviringo kama chapati. Akacheka kidogo.

Mimi nilipokata simu sikucheka. Wale niliotegana nao vitendawili utotoni wametangulia wote. Nilikuwa nimejiambia kwamba Mungu amenipa wengine, kwamba huko ndani ya simu wapo watu wanaoitikia nikisema kitendawili. Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nauambia ukuta wa jiko.

Nikalala na hilo kifuani.

Basi naona natembea kwenda kwangu. Ni mchana, jua limesimama, na barabara ni ileile ya Usangi isipokuwa imenyooka kutoka kushoto kwenda kulia kama mstari wa daftari. Getini pamelala Kistari. Ni kile kistari kidogo ambacho watu huweka kati ya neno na neno, ila hiki ni kirefu kama boriti ya kizuizi cha ushuru, na kimevaa kofia ya mgambo.

Kikaniamkia vizuri. Nikaitikia marahaba. Kikaniuliza jina, nikasema Namkunda.

"N yako ni kubwa," kikasema.

"Ni ya kuanzia jina."

"Herufi kubwa haziingii humu, bibi. Tukiruhusu, programu itadhani kuna watu wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na kila mmoja atapewa hesabu yake."

Nikakieleza kwamba N hiyo niliipata darasa la kwanza, na mwalimu alisema jina la mtu bila herufi kubwa ni kama mtu bila shati. Kistari kikasema mwalimu alikuwa na haki yake, na chenyewe kina kazi yake. Kabla sijabishana zaidi, N mwenyewe akashuka kutoka kwenye jina langu, akaketi juu ya jiwe la kando, akafungua mihogo yake ya kuchemsha. Akasema niende tu, yeye atasubiri. Nikavalishwa n ndogo. Ilinibana kwapani.

Halafu Kistari kikatazama kati yangu na kapu langu, kikasema hapo pana nafasi tupu, na nafasi tupu haziruhusiwi. Kikachukua kijiti, kikaniunganisha na kapu. Tukawa kitu kimoja. Nikigeuka, linageuka.

Mwisho kikanipekua. Kwenye pindo la khanga kikakuta alama ya kuuliza, ile yenye mgongo uliopinda. Sikujua kama nimeibeba. Lakini mtu wa umri wangu huwa anatembea na vitu vingi asivyovijua.

"Hii ndiyo mbaya kuliko zote," kikasema. "Ikiwa ndani ya jina, inalikata. Kila kinachokuja nyuma yake kinapotea. Utaichukua ukitoka."

Nikafungua kinywa niulize nitatoka saa ngapi. Nikasikia nasema, "Nitatoka saa ngapi," sauti imelala chini kama mtu anayesoma tangazo.

"Ndiyo," Kistari kikakubali. "Utatoka saa ngapi." Kikainuka, nikapita.

Ndani ni kama gulio. Kurasa zimesimama safu kwa safu, nyumba kwa nyumba, na kila mmoja ana lebo shingoni kama mbuzi wa mnadani. Lebo zimeandikwa kwa herufi ndogo, na ukoo umetangulia: tangawizi-bei-soko, tangawizi-mvua-vuli, tangawizi-ugonjwa-kuoza. Hapo sikuwa na ugomvi nao. Hata kwetu mtu hajitaji yeye kabla hajataja ukoo.

Kwenye kona ya kila nyumba, chini kabisa, anakaa Nukta. Ni mdogo kuliko punje ya ulezi na hana rangi. Humwoni, unamsikia tu. Mgeni akiingia, Nukta anaubandua unyayo wake sakafuni, taratibu, kama unavyobandua chapati kwenye kikaango, anausoma kwa jina la nyumba, kisha anakimbia nao. "Kaingia mmoja, tangawizi-bei-soko." "Kaingia mmoja, tangawizi-bei-soko." Ukurasa wa Bei amejishika kiuno, anajiona mke mkubwa.

Nyayo zote zinapelekwa kwa Mizani. Ni mizani ya kupimia magunia, ya kuning'iniza, ila imening'inizwa kutoka mbinguni na mnyororo wake sikuona ulikoanzia. Uso wake wa saa una sharubu.

Nikatafuta nyumba yangu. Nikaikuta mwisho wa safu, peke yake, na ni jiko langu lenyewe lenye moshi wake.

Limejaa.

Nasema limejaa. Watu wamekaa juu ya kuni. Wamekaa juu ya madebe. Kuna vijana wamechungulia dirishani viwiko nje, kuna mwanamke ananyonyesha, kuna bwana mmoja mwenye buti za shamba amechutama mlangoni kwa sababu hana pengine. Na katikati, kwenye kigoda changu, imekaa Sauti yangu. Imevaa khanga zangu, ila ndani ya khanga hamna mtu.

"Kitendawili," ikasema Sauti.

"Tega," likaitikia jiko zima, sufuria zikatikisika.

Nimesimama mlangoni na kapu langu lililofungwa kwangu. Sauti ikaniona, ikasema, "Karibu mama, sogea, usisimame kwenye upepo." Haikunitambua. Bwana wa buti akanipa nafasi, akaninong'oneza kwamba bibi huyu ni hatari, ametega cha tatu na hakuna aliyepata. Nikasema nimesikia habari zake.

Ndipo nikamsikia Nukta wa nyumba yangu, kona ya chini, anabandua unyayo. "Kaingia mmoja, namkunda." Akakimbia. Nikamfuata kwa sauti.

Mizani akaupokea unyayo, akasoma "namkunda", akautupa nyuma ya mgongo wake kwenye stoo iliyojaa magunia. Kisha akatangaza, bila ubaya wowote, "Sifuri."

Nukta akarudi na mwingine. Mizani akautupa. "Sifuri."

Nikamwendea. "Kwa nini unatupa nyayo za wageni wangu," nikasema.

"Ndiyo," akasema Mizani. "Kwa nini ninatupa." Akatupa mwingine.

Nikajaribu tena. Nikasema nani kakutuma, akasema ndiyo, nani kanituma. Nikasema nyumba hii ina kosa gani, akasema ndiyo, ina kosa gani. Kila neno langu lilikuwa limelala kifudifudi. Nikaona nitasimama pale mpaka Ijumaa namthibitishia mambo.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo nalijua tangu sijaota meno ya pili. Kitendawili hakina alama ya kuuliza. Hakijawahi kuwa nayo. Ni maneno yanayosimama mlangoni, wala hayabishi hodi, yanangoja mwenye nyumba ashindwe kuvumilia.

"Kitendawili," nikasema.

Mizani akasita, unyayo mkononi. Hata kitu cha chuma, kama kimelelewa, hakiwezi kuliacha neno hilo likae peke yake.

"Tega."

"Nyumba yangu imejaa watu, mpimaji anasema tupu."

Akafikiri, mshale wake ukazunguka. Akasema mzinga wa nyuki. Nikasema siyo. Akasema kichwa cha mlevi. Siyo. Akasema tumbo la mwenye minyoo. Nikamwambia ana akili, lakini siyo.

"Basi nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji."

Hapa nikaona nimejitega mwenyewe. Anayeshindwa kitendawili humpa mtegaji mji, na mtegaji akishaupokea huo mji ni lazima atoe jibu. Nami jibu sikuwa nalo. Aliyekuwa nalo ni yeye. Kwetu mtu aliyekula mji bila kutoa jibu, hatumwitikii tena "tega" mpaka anaingia kaburini. Njia ilikuwa moja tu, ile ya kuukataa mji. Mtegaji ana haki ya kuukataa mji usiompendeza.

"Chukua Lushoto," akasema Mizani.

Papo hapo tuko Lushoto. Ukungu umetuvaa, Mizani ananing'inia kwenye mpeasi, magunia ya nyayo yapo nasi, yananyeshewa. Nikasema Lushoto ni pazuri ila magoti yangu hayaiwezi baridi, anipe mwingine.

"Chukua Singida."

Tuko Singida. Alizeti zote zimegeuka kututazama. Nikasema upepo wa hapa utanivua kilemba mbele ya watu, anipe mwingine.

"Chukua Dodoma."

Tuko Dodoma, kwenye korido ndefu, mtu anapita na faili anatuuliza kama tuna miadi. Nikasema mji huu mtu hafikii bila barua ya kuitwa. Mwingine.

Akanipa Tabora, nikasema maembe yake yananiwasha. Akanipa Bukoba, nikasema nitanenepa. Nukta walikuwa wanatukimbilia mji hadi mji, wamebeba nyayo za Bei na za Mvua, hakuna wa kuzipokea, zinarundikana. Mizani akaanza kutoa kutu.

"Bibi," akasema, "nyinyi Wapare hata mkipewa mji wa bure mnaupima kwanza."

"Na wewe ndiye mizani," nikamwambia. "Mwingine."

Nilipotazama, tumesharudi kwenye gulio la kurasa.

"Miji yangu imekwisha," akasema, "na jibu ninalo. Nilikuwa naona aibu kulisema kwa sababu ni kazi yangu mwenyewe. Nyumba hiyo ni ile pale ya mwisho. Yuko binti anajenga vyumba humu. Kila akimaliza chumba kipya hukijaribu: anaingia, anatoka, anaingia tena, anafungua madirisha. Akaniambia, Mizani, mimi usinihesabu. Mwenyeji si mgeni nyumbani kwake, ukinihesabu tutajidanganya. Popote utakapoona lebo ya namkunda ujue ni mimi najaribu. Weka stoo."

"Na chumba cha bibi yake akakiandika namkunda," nikasema.

"Akakiandika namkunda. Kanuni ilimtaka aanze na tangawizi, kama wengine. Akasema haiwezekani, siwezi kumvalisha bibi yangu tangawizi shingoni. Akaandika jina lako tupu, kwa heshima. Na jina lako ni lake. Nami nikatii."

Nilikaa juu ya gunia. Nikacheka mpaka kapu likacheka. Mtoto amenipa heshima mpaka nikapotea. Na nyumba haikuwa tupu, haikuwa tupu hata siku moja. Ninavyosema, hata sasa natamani kukaa tena juu ya gunia lile.

Nikafungua moja. Nyayo zimepangwa ndani kama majani ya mgomba. Kuna za ndala. Kuna za katambuga. Kuna vidole vya mtoto vinavyotazamana. Kuna mguu mmoja na kitundu cha mkongojo kando yake, na umerudi mara nyingi, maana gunia zima kasoro robo lilikuwa lake. Kuna wa mtu aliyesimama mahali pamoja muda mrefu mpaka umezama. Nilizishika moja moja. Zilikuwa bado na joto.

Wakati nimezishika akaja Ijumaa.

Ni mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, ananukia udi. Mkononi ana kifutio cha ubaoni kikubwa kama mkate. Akatoa salamu kwa wote, akasema ametumwa kufuta nyumba isiyo na wageni, na aonyeshwe.

Nikamwambia amewahi, leo bado ni Jumatano. Akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye popote alipo ni Ijumaa.

Nikamgeukia Mizani. Nikasema azitoe nyayo stoo azihesabu. Akasema hana ruhusa. Kilichoingia stoo kinahesabika kuwa ni mwenyeji mpaka kijulikane kuwa ni mgeni.

"Na mgeni anajulikana kwa jambo gani," nikasema, na kwa bahati hilo hata likiwa limelala chini lilieleweka.

"Kwa kwao," akasema Mizani. "Mwenyeji yupo hapa. Mgeni ana atokako. Akiutaja mji wake, namhesabu."

Ijumaa alikuwa ameshakung'uta chaki. Anaelekea mwisho wa safu, kanzu inafagia. Ndani ya jiko Sauti yangu inaendelea kutega, haijui lolote.

Nikapanda juu ya gunia. Nilihitaji kitendawili ambacho hakuna mtu amewahi kukisikia, kwa sababu kingejulikana tu, wangejibu, na anayejibu hatoi mji. Nikatazama kilichokuwa mbele yangu, nikakitunga hapohapo.

"Kitendawili," nikayaambia magunia.

Kamba zikaanza kukatika moja baada ya nyingine, nyayo zikasimama, na juu ya kila unyayo akajengeka mwenyewe: kifundo, goti, khanga, shati, uso. Stoo haikuwatosha. Wakamwagika nje.

"Tega," wakasema.

"Nimempa mtu kitu changu chote, nami kimebaki chote."

Wakaingia kazini. Mmoja akasema moto. Nikasema moto hutoa moshi ukigawiwa, siyo. Bwana wa buti za shamba akasema mafua. Watu wakacheka. Nikamwambia mafua huwa nampa jirani ili yaniishie. Mama mmoja akasema umbea, nikamjibu umbea ukienda kwa jirani unarudi umenona, hauwi vilevile. Wengine wakasema kivuli, wimbo, baraka. Yule wa mkongojo akafumba macho akafikiri mpaka jasho likamtoka, akasema huyu bibi nimemjua, hapa tumekwama.

Na Ijumaa amesimama. Kifutio kiko hewani, mkono haushuki. Midomo yake inatembea.

"Mmeshindwa," nikasema. "Nipeni miji."

"Chukua Hedaru," akasema wa mkongojo. Mizani akagonga, mshale ukaruka: mmoja.

"Chukua Gonja." Akagonga. "Chukua Mbulu." "Chukua Ifakara." "Chukua Voi, mimi natoka ng'ambo ya mpaka, kama inaruhusiwa." Mizani akasema inaruhusiwa. Miji ikawa inanyesha, na mimi kila mmoja nauweka kapuni, kapu linakuwa zito. Niliacha kujaribu kuhesabu. Hiyo si kazi yangu, mwenye kazi alikuwa anaifanya, na kutu yote imemtoka, anang'aa.

Ijumaa akaja mbele yangu. Akaweka kifutio chini.

"Nami nimeshindwa," akasema. "Lakini sina mji. Nina jirani tu. Chukua Alhamisi."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi na ya uvuguvugu kama yai lililotagwa sasa hivi. Mara ikawa ni Alhamisi, na Ijumaa, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kukaa ndani yake, akaaga watu wote kwa heshima akarudi alikotoka. Kifutio alikisahau. Ukurasa wa Mvua akakichukua akakifanya kigoda.

Alibaki mwanamke mmoja nyuma kabisa, ana mtoto mgongoni, kitenge chake kimepauka kwa vumbi la safari. Alikuwa amengoja wengine wote wamalize.

"Sisi tuko mbali," akasema, "simu inashika juu ya kichuguu tu. Lakini kila jioni tunapanda na watoto kukusikiliza. Chukua Kibondo."

"Nimeipokea," nikasema.

"Basi nenda, urudi na jibu."

Ndiyo desturi. Mtegaji huenda kwenye mji aliopewa, akarudi akasimulia alivyopokewa huko, ndipo akatoa jibu. Nikajitwisha kapu. Nikaanza kwenda Kibondo. Barabara ilikuwa nyekundu, na watoto walikuwa wananiita kutoka juu ya kichuguu, bibi, bibi,

nikaamka.

Mkwe wangu amesimama kando ya kitanda na kikombe cha chai. Nikamwuliza saa ngapi, nikasikia sauti yangu imeinuka mwishoni vizuri kabisa, lakini ilitoka kama mlango wa banda. Nimekauka koo lote. Akasema hata yeye anashangaa, amenisikia naongea tangu jogoo la kwanza, akadhani nina mgeni, akaongeza maji ya chai.

Sikungoja kunywa. Nikampigia wajina wangu.

Nikamwambia aondoe jina langu kwenye ukurasa wangu. Akadhani nimekasirika, akaanza kuniomba radhi, eti amejitahidi. Nikamwambia, "Wajina, sikiliza. Ulimkataza mtu asikuhesabu wewe. Na mimi na wewe tuna jina moja."

Nikasikia vidole vyake vinagonga, vikaacha, vikagonga tena. Akasema polepole, "Bibi, nani kakwambia?" Nikasema atazame stoo. Akasema haiitwi stoo, inaitwa eneo la majaribio. Nikasema iitwe itakavyo, afungue.

Akafungua. Kisha nikasikia analia, na hiki kilikuwa kilio kingine, cha mtu aliyekuta mtoto aliyemtafuta amelala chini ya kitanda chake mwenyewe. "Wapo, Bibi," akasema. "Wote wapo. Wamejaa." Nikamwambia najua, hata pa kukaa hapakuwepo.

Kufikia saa nne alikuwa amebadilisha lebo, amemwonyesha meneja, na meneja amesema ukurasa huo usiguswe, ila akauliza kwa nini haukuanza na neno tangawizi kama kanuni inavyotaka. Sasa umeanza. Nimemwambia wajina mimi tangawizi sina ugomvi nayo, naitia kwenye chai kila siku.

Lakini asubuhi, kabla ya hayo ya meneja, tulikuwa tunaagana, akasema nisikate kwanza. Kuna mtu ameandika ujumbe kwenye ukurasa wangu alfajiri ya leo, naye haelewi. Akanisomea:

"Bibi, kile cha kitu ulichompa mtu chote kikabaki chote, Kibondo tumekupa. Watoto wanakataa kwenda shule. Jibu?"

"Hicho kitendawili sikijui," akasema wajina wangu. "Sijakirekodi. Nimesikiliza sauti zako zote, hakimo."

Nikakitazama kikombe changu, chai imepoa. Nikamwambia aandike haya, tena upesi, watoto wasichelewe kengele. Kibondo nilikwenda, barabara yao ni nyekundu, wakanipokea vizuri, wakanipandisha juu ya kichuguu nikaona mbali. Jibu ni jina.